Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Jasho la Viganja na Makwapa: Namna ya Kujipanga Ukiwa Dodoma

Mtu mwenye jasho la viganja la kweli humtambui kwa kulalamika joto. Unamtambua kwa vitu alivyovishika: karatasi ya mtihani iliyolowa pembeni, mkasi wa kukatia zabibu unaoteleza, mashine ya alama za vidole inayokataa kusoma mara nne wakati anasajili laini. Mwezi wa saba, Dodoma nzima imevaa sweta, yeye viganja vinadondosha.

Upasuaji wake upo. Unafanyika kwa matundu ya milimita 5 chini ya kwapa, ambamo daktari huingiza kamera na kukata neva za jasho ndani ya kifua, mara nyingi pande zote mbili kwa siku moja, na kwa viganja matokeo yake ni mazuri karibu kila mara. Kwa hiyo asiyejua humuuliza daktari kama mikono itakauka. Anayejua huuliza jasho litahamia wapi, maana likizuiwa mikononi mwili huweza kulitoa kwingine, kama mgongoni au tumboni. Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama uende mezani au ubaki na dawa.

Kwanza jua jasho lako ni la aina gani

Jasho linalotibiwa kwa upasuaji huu ni lile lisilo na ugonjwa nyuma yake. Huanza utotoni au ujanani, kwa kawaida kabla ya miaka 25. Hutoka pande zote mbili kwa usawa, hukatika mtu akilala usingizi, na mara nyingi kuna mzazi au ndugu mwenye hali hiyohiyo. Likiwa limedumu miezi 6 au zaidi, linatokea angalau mara moja kwa wiki na linakwamisha kazi, utambuzi hauhitaji kipimo kikubwa.

Jasho linalolowesha shuka usiku ni habari nyingine kabisa. Hilo lipimwe kifua kikuu na VVU kabla ya chochote. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani, pamoja na kukonda, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, lipimwe tezi ya shingo. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari apime sukari wakati jasho linatoka, maana huenda imeshuka mno. Dawa nazo zina mchango: tramado ya maumivu na baadhi ya dawa za sonona huleta jasho jingi, na mtu anaweza kupelekwa kwa daktari wa upasuaji kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kubadilishiwa kidonge. Jasho la upande mmoja tu wa mwili lisipuuzwe. Linataka picha ya kifua na uchunguzi wa neva.

Ngazi zilizo kabla ya kisu

Daktari makini atakuuliza umejaribu nini, kwa muda gani, na kwa namna gani. Wengi husema "dawa zimeshindikana" wakati walizitumia vibaya.

Aluminiamu kloraidi ya asilimia 15 hadi 20 hupakwa usiku, ngozi ikiwa kavu kabisa, halafu huoshwa asubuhi. Kosa la kawaida ni kuipaka mara baada ya kuoga: ikikutana na maji hutengeneza asidi, ngozi inachoma, mtu anaiacha siku ya pili. Pangusa, subiri, tumia hata feni kukausha, ndipo upake. Usinyoe kwapa siku hiyo. Paka usiku 3 hadi 5 mfululizo, ukiona mabadiliko shuka hadi mara moja au mbili kwa wiki. Kwa makwapa inafaa sana. Kwa viganja hufaa kidogo tu, kwa sababu ngozi yake ni nene.

Kwa viganja ipo mashine inayopitisha umeme mdogo kwenye maji. Mikono inakaa kwenye beseni mbili zenye maji ya bomba kwa dakika 20 hadi 30, umeme wa miliampea 15 hadi 20, mara tatu kwa wiki mpaka mikono ikauke, kisha mara moja kwa wiki. Maji ya visima vya Makutupora, yale yanayotuachia ukoko mweupe kwenye birika, yana madini ya kutosha na hupitisha umeme vizuri. Maji ya mvua hayafai. Vua pete na saa. Mjamzito, mwenye kifaa cha kuendesha moyo na mwenye vyuma mwilini asitumie. Na tafadhali, usijitengenezee mashine hiyo kwa chaja ya betri ya gari au kwa nyaya za ukutani. Moyo uko katikati ya mikono miwili, na umeme huo unapita hapohapo.

Kuna vidonge vya oksibutinini: anza na miligramu 2.5 jioni, daktari anapandisha polepole, wengi hawavuki miligramu 5 mara mbili kwa siku. Kinywa kitakauka na choo kitakuwa kigumu. Hatari yake kwa mtu wa kanda ya kati ni nyingine: kidonge hiki hupunguza jasho la mwili mzima, na anayelima au kuchoma matofali juani mwezi wa kumi anaweza kupatwa na joto kali mwilini bila onyo. Mwenye presha ya macho au anayepata shida kukojoa asikitumie.

Sindano za botulinamu, yuniti 50 kila kwapa, hukausha kwa miezi kadhaa, mara nyingi karibu sita. Kwenye viganja zinauma sana, na kwa wiki chache vidole hukosa nguvu ya kubana, jambo ambalo fundi cherehani halivumilii. Dawa yenyewe hutunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo uliza imesafirishwaje hadi hapo ilipo kabla hujalipa.

Kama ni makwapa peke yake, simama kwanza

Hapa ndipo watu wengi hufanyiwa upasuaji mkubwa kuliko tatizo lao. Kukata neva ndani ya kifua kwa ajili ya makwapa pekee huleta ridhaa ndogo kuliko kwa viganja, na jasho la kuhamia sehemu nyingine hubaki palepale kama gharama. Ukiwa na viganja vikavu na makwapa yanayolowesha shati, uliza kwanza kuhusu kukwangua tezi za jasho za kwapa lenyewe.

Kazi hiyo hufanyika kwa ganzi, bila kulazwa usingizi. Kwanza eneo la jasho linachorwa: hupakwa iodini, ikikauka hunyunyizwa wanga laini, na penye jasho panageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Kisha hudungwa maji mengi yenye ganzi chini ya ngozi, hukatwa tundu moja au mawili yasiyofika sentimita moja, na mrija wenye makali huingizwa kukwangua upande wa ndani wa ngozi, mahali tezi zilipo, huku ukivuta. Baadaye kwapa linabanwa kwa bendeji nzito siku 2 hadi 3 ili damu isikusanyike. Akikwangua kidogo, jasho linarudi. Akikwangua kupita kiasi, ngozi inakufa vipande na kubaki na makovu meusi. Anayeota makovu ya kuvimba aliseme hilo mapema.

Nani anafaa kwa upasuaji wa kifuani

Mwaka 2011 madaktari wa upasuaji wa kifua wa Marekani walichapisha makubaliano ambayo bado yanafaa kama kipimo. Anayefaa zaidi ni kijana, jasho lake lilianza kabla ya miaka 16, anafanyiwa akiwa hajavuka 25 au hivi, uwiano wa uzito na urefu (BMI) uko chini ya 28, hatoki jasho usingizini, hana ugonjwa mwingine mkubwa, na mapigo yake ya moyo akiwa ametulia hayako chini ya 55 kwa dakika. Sharti la moyo lina sababu: neva zinazokatwa ni sehemu ya zile zinazouharakisha moyo, na mwenye mapigo ya polepole tayari anaweza kuishia kuzimia. Mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Singida mwenye mapigo 48 ana afya njema kabisa, lakini upasuaji huu si wake.

Uzito nao una sababu. Mwenye mwili mkubwa tayari anatoa jasho jingi mgongoni na tumboni, na ndiko jasho litakakohamia.

Halafu kuna kifua kikuu. Aliyewahi kuugua, hata kama alipona na kumaliza dozi, au aliyewahi kutolewa maji au usaha kifuani, mapafu yake huenda yamegandamana na ukuta wa mbavu. Kamera inahitaji nafasi, na nafasi hiyo inapatikana kwa pafu kuachia na kulala. Pafu lililogandamana haliachii. Ukilazimisha linachanika na hewa inavuja kwa siku kadhaa. Waliofanya kazi kwenye vumbi la miamba, kama wachimbaji wadogo wa Sekenke na Londoni, nao waseme tangu kliniki. Kuficha historia ya kifua kikuu kwa aibu ndiyo njia fupi ya kuamka ukiwa na bomba ubavuni.

Kutafuta daktari na kumuuliza

Usianze kwa kutafuta hospitali, anza na rufaa. Kutoka zahanati au kituo cha afya unapelekwa hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na kwa kanda ya kati Hospitali ya Benjamin Mkapa pale jirani na UDOM ndiyo ya ubingwa; hapo uliza kliniki ya upasuaji. Kwa upande wa ngozi na dawa za kupaka, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC Moshi kina uzoefu mkubwa. Popote utakapofika, unachotafuta ni watu wawili kwa pamoja: daktari anayefanya upasuaji wa kifua kwa kamera mara kwa mara, na mtaalamu wa usingizi aliyezoea kulaza pafu moja huku lingine likipumua. Kumpata wa kwanza bila wa pili hakutoshi.

Maswali ya kumuuliza ni machache. Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi, na wangapi walirudi wakilalamikia jasho la mgongo? Utakata usawa wa ubavu wa ngapi? Pande zote siku moja? Damu ikitoka nyingi, mko tayari kufungua kifua hapohapo? Daktari akikwambia jasho la kuhamia "halipo siku hizi", shukuru na uondoke.

Swali la ubavu usilione la kitaalamu mno, ni haki yako. Neva hupewa namba ya ubavu zinapokatiwa juu yake. Kwa viganja peke yake hukatwa juu ya ubavu wa 3 au wa 4. Ukikatwa wa 3 mikono hukauka kabisa, pengine hadi kupasuka. Ukikatwa wa 4 hubaki na unyevu kidogo, lakini jasho la kuhamia huwa dogo. Kwa viganja na makwapa pamoja hukatwa wa 4 na wa 5. Wa 2 ulikatwa sana zamani. Ndio ulioleta jasho baya la mgongo, na uko karibu mno na fundo la neva linaloshikilia kope. Ushauri wetu kwa mtu wa kazi za mikono anayeishi kwenye joto: chagua wa 4 na ukubali unyevu kidogo.

Bajeti isiwe ya upasuaji tu. Weka vipimo, kitanda, picha za kifua, nauli ya watu wawili, malazi kama unatoka Kondoa au Manyoni, na safari ya kurudi kliniki. Kama una bima, omba jibu la maandishi kabla ya kupangiwa tarehe, maana jasho huweza kuhesabiwa kuwa suala la urembo. Barua ya daktari inayoeleza linavyozuia kazi au masomo, na tiba zilizojaribiwa kwa tarehe, husaidia sana.

Kuhusu tarehe, Juni hadi Agosti ni kipindi kizuri kwa Dodoma. Hewa ni ya baridi, vidonda havilowi, na wanafunzi wa chuo huwa na nafasi.

Maandalizi

Vipimo ni picha ya kifua, wingi wa damu na kundi lake, figo, sukari, tezi ya shingo kama haijapimwa, selimundu, ujauzito kwa wanawake, na kipimo cha umeme wa moyo. Mwenye historia ya mapafu aongezewe picha ya CT ya kifua. Aliyezaliwa na selimundu aambiwe wazi kwamba dakika za kupumua kwa pafu moja zinaweza kumletea maumivu makali.

Acha sigara angalau wiki nne kabla. Aspirini na dawa za mitishamba zitajwe zote, hata zile za kwenye chupa isiyo na jina. Daktari ndiye atakayesema lipi liachwe na lini. Usinyoe kwapa kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji: michubuko hiyo hualika vijidudu, kama kuna haja watapunguza nywele wodini kwa mashine. Hina, piko na rangi ya kucha viondolewe mapema kwenye vidole, kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni hubanwa hapo na rangi hukipotosha.

Chakula kiishe muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kila mwezi kuna mgonjwa anayeahirishwa mahali fulani kwa sababu mama alimwonea huruma akampa kikombe cha uji alfajiri.

Kinachofanyika chumbani

Unalazwa usingizi kamili. Mrija wa hewa unaotumika unaweza kuwa wa njia mbili, kila pafu na njia yake, au wa kawaida ambapo pafu husukumwa kwa gesi. Kitanda kinainuliwa ukae nusu wima, ili pafu lishuke chini lenyewe. Mikono inatanuliwa pembeni isizidi nyuzi 90. Ikivutwa zaidi, neva za bega hunyooka na mtu huamka na ganzi mkononi ambayo haina uhusiano wowote na neva zilizokatwa.

Tundu la kwanza hukatwa katikati ya kwapa, kati ya ubavu wa 3 na wa 4 au jirani yake. La pili mbele kidogo na chini. Kabla kamera haijaingia, mtaalamu wa usingizi anasimamisha pumzi kwa sekunde chache ili pafu lisitobolewe. Kaboni dayoksaidi inaingizwa taratibu, shinikizo la milimita 6 hadi 8 za zebaki. Ikizidi inasukuma moyo upande wa pili, na presha inaporomoka.

Kazi ngumu ni kuhesabu mbavu. Ubavu wa kwanza umefichwa na mafuta ya njano na mshipa mkubwa unaodunda, kwa hiyo wa juu kabisa unaoonekana vizuri kwa kawaida ni wa 2. Anayeuchukulia kuwa wa kwanza atakata ngazi moja chini ya alipotaka, na mikono huenda isikauke. Anayekosea kwenda juu anagusa fundo la neva za jicho. Akiwa na shaka, anaingiza alama ya chuma na kupiga picha palepale mezani.

Mnyororo wa neva za simpathetiki, zile zinazoamuru jasho, huonekana kama uzi mweupe unaoshuka juu ya vichwa vya mbavu, chini ya utando mwembamba unaong'aa. Ukipitishiwa ncha ya kifaa, unabingirika. Utando unafunguliwa, neva inakatwa kwa ndoano ya umeme juu ya mfupa wa ubavu wenyewe, kamwe si kati ya mbavu ambako mishipa ya damu imepita. Ncha mbili zinaachanishwa. Kisha moto unaendelezwa pembeni juu ya ubavu sentimita 2 hadi 3, kwa sababu baadhi ya watu wana vijineva vya kando vinavyozunguka mnyororo na kurudisha jasho baada ya miezi. Wapo wanaobana neva kwa klipu badala ya kukata, wakisema inaweza kutolewa baadaye. Usiitegemee ahadi hiyo: neva iliyobanwa wiki kadhaa mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Kipimajoto kilichobandikwa kiganjani ndicho mwamuzi. Joto likipanda nyuzi moja au zaidi ndani ya dakika chache, kazi imefanyika, maana mishipa ya damu ya mkono imefunguka. Mwisho, mrija mwembamba unaachwa kwenye tundu, ncha ya nje ndani ya bakuli la maji, pafu linajazwa mpaka povu likome, mrija unatolewa huku pafu likiwa limejaa. Upande wa pili hauguswi kabla wa kwanza haujathibitishwa kufunguka. Kila upande huchukua kama dakika 15 hadi 30.

Saa chache baadaye unapigwa picha ya kifua ukiwa umekaa au umesimama. Hewa kidogo iliyobaki ni jambo la kawaida, mwili unaifyonza. Hewa nyingi inataka bomba la kifua kwa siku moja au mbili. Wengi wanatoka siku hiyohiyo au kesho yake.

Yanayoharibika

Kope kulegea na mboni kuwa ndogo upande mmoja ni ishara kwamba fundo la juu limeguswa na moto. Hutokea kwa wachache, chini ya mmoja kati ya mia kwa mikono iliyozoea, na mara nyingine hupona lenyewe baada ya wiki au miezi. Damu kutoka kwenye mshipa wa kati ya mbavu huzuiwa kwa kubana na klipu, mara chache sana kwa kufungua kifua. Maumivu ya kifua yanayozunguka kama mkanda hutokana na neva ya ubavu iliyobanwa na mrija. Tundu dogo huumiza kidogo, ndiyo maana milimita 5 inapendwa kuliko 10.

Wengine huanza kutoka jasho usoni wakila pilipili au ndimu. Wengine hulalamika viganja vimekauka kama gome, na Dodoma ya Julai hailei ngozi kavu: mafuta ya mgando asubuhi na kabla ya kulala, na usioshe vyombo kwa sabuni ya unga bila glavu.

Sasa jasho lenyewe la kuhamia. Zaidi ya nusu ya wanaofanyiwa hulipata kwa kiwango fulani: mgongo, tumbo, chini ya matiti, kinena, mapaja. Kwa wengi ni la kubadili shati mchana. Kwa wachache ni la kulowesha kiti, na hao ndio wanaojuta, kwa sababu neva iliyokatwa hairudishwi. Hakuna kipimo kinachotabiri kwa uhakika nani atalipata vibaya. Vinavyopunguza uwezekano vinajulikana: kukata chini badala ya juu, kukata ngazi chache, na kumchagua mtu mwembamba.

Hewa ya hapa inadanganya kwa wema. Ukavu wake hukausha jasho la mgongo kabla hujalisikia. Aliyefanyiwa Juni anajisifu hadi Septemba; mpe Oktoba na Novemba ndipo aseme. Na akihamishiwa kazi Dar es Salaam au Tanga, mgongo uleule utatoka maji kwa namna ambayo Dodoma haukuijua. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, jiulize utaishi wapi miaka kumi ijayo. Kama jibu ni Pwani, pima upya.

Likishakuja, huvumilika kwa pamba nyepesi na nguo zisizobana, shati la pili kwenye begi, na oksibutinini kwa dozi ndogo chini ya daktari. Kunywa maji zaidi siku za kazi ya jua.

Wiki za kwanza

Kifua kitauma ukivuta pumzi ndefu, na mgongo katikati ya mabega pia. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kama huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, ongeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila saa 8. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, ukibana mto kifuani. Tembea siku hiyohiyo.

Vidonda visiguswe na maji saa 48. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Ofisini unaweza kurudi baada ya wiki moja; jembe, bodaboda na ndoo ya lita 20 kichwani subiri wiki mbili au zaidi. Deodoranti isipakwe mpaka tundu lifunge.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 viganja vinaweza kulowa tena ghafla kwa siku moja au mbili. Ni neva zilizokatwa zinazomaliza akiba yake, si upasuaji kushindwa. Watu hupiga simu wakilia. Subiri.

Kama ulifanyiwa Dar, usirudi kwa ndege mpaka picha ya kifua ionyeshe hakuna hewa iliyobaki na daktari aruhusu: hewa iliyonaswa kifuani hutanuka ndege inapopanda. Treni ya SGR ni salama zaidi kwa mwili wa namna hiyo, na haina matuta kama basi. Mkanda wa kiti usikupite juu ya kidonda, weka taulo katikati.

Kimbilia hospitali iliyo karibu, usisubiri kurudi ulikofanyiwa, ukiona pumzi inazidi kuwa fupi, maumivu makali ya ghafla ya kifua, ngozi ya shingo inayovimba na kutoa mchakacho ukiibonyeza, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinachotoa usaha, au kuzimia.

Kabla ya kuruhusiwa, omba nakala ya taarifa ya upasuaji yenye namba za mbavu zilizokatwa kila upande, na picha ya mwisho ya kifua. Ipige picha kwa simu, na karatasi yenyewe itunze na kadi ya kliniki. Miaka minane baadaye, siku unapelekwa chumba cha upasuaji kwa jambo jingine, mtaalamu wa usingizi akishangaa mapigo yako kuwa 52, karatasi hiyo ndiyo itakayomweleza.